Marere: kutoka magome ya pwani ya Bajuni hadi rangi zing'aazo za maabara

Marere ni viumbe vidogo vya rangi ya kijivu, vyenye matawi membamba kama kanda zilizochanwa, vinavyoota juu ya magome ya miti na juu ya mawe karibu na bahari. Wataalamu wa mimea huyaweka katika jenasi ya Roccella, na aina iliyoenea zaidi Afrika Mashariki ni Roccella montagnei. Marere si mmea wa kawaida. Ni kuvu na mwani walioshikana wakaishi kama mwili mmoja, jambo lililoelezwa na Simon Schwendener wa Uswisi katika miaka ya 1860. Hayana mizizi. Maji huyapata hewani, kutoka kwenye umande na unyevu unaoletwa na upepo wa bahari, na ndiyo maana hustawi hata pale ambapo mvua ni haba na udongo hauna rutuba. Ukiyaangalia mtini huwezi kudhani kwamba yana rangi yoyote ya maana. Lakini katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya viliyanunua kwa ajili ya rangi ya zambarau, na umbo la molekuli iliyotoa rangi hiyo ndilo lililo ndani ya baadhi ya rangi zing'aazo zinazotumika leo kuchunguza seli hai.

Pwani ya kusini mwa Somalia ina hali yote ambayo marere huyataka. Kutoka Kismayo kuelekea kusini hadi Ras Kiamboni, visiwa vya Bajuni vimejipanga sambamba na bara, kimoja baada ya kingine, juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Fuma, yaani Fuma Iyu na Fuma Tini, ni miongoni mwao, pamoja na Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Kati ya visiwa na bara maji ni ya utulivu, mikoko imejaa kwenye vijito, na nyuma yake kuna vichaka vikavu vya miiba. Upepo wa bahari huvuma karibu mwaka mzima: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi, ambao katikati ya mwaka huwa mkali kiasi cha kufunga bandari za Benadiri, yaani pwani ya Mogadishu. Wabajuni waliishi kwa uvuvi, kwa kasa na ng'amba, kwa kukata boriti za mikoko na kwa kusafirisha mali za watu wengine. Mitepe yao, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja, ilijulikana pwani yote. Mtaliano Vinigi Grottanelli aliyachunguza maisha yao na kitabu chake kikatoka mwaka 1955. Neville Chittick alizunguka pwani hiyo mwaka 1968 akiorodhesha magofu ya misikiti, makaburi na nyumba za mawe. Kazi hizo mbili zimetunza mengi. Biashara ya marere haijapata mwandishi wake wa namna hiyo, ingawa ilikuwa mojawapo ya njia ambazo pwani hii iliingia katika kemia ya dunia.

Rangi ya marere ni ya zamani sana upande wa Bahari ya Kati. Mji wa Florence ulikuwa na ukoo wa matajiri, Rucellai, ambao utajiri wake wa karne za kati ulitokana na rangi hiyo, na hata jina la ukoo lilichipuka humo. Wareno na Wahispania walipofika visiwa vya Kanari na Cape Verde waliyakuta marere kwenye majabali, na kwa muda mrefu visiwa hivyo ndivyo vilivyolisha viwanda. Huko Scotland, Cuthbert Gordon alipata hataza mwaka 1758 ya kutengeneza rangi ya aina hiyo kutokana na jamaa wa marere waotao kwenye nchi za baridi. Viwanda vilipokua, majabali ya Atlantiki hayakutosha. Viumbe hivi hukua polepole mno, milimita chache kwa mwaka, na mahali palipokwanguliwa leo hapavuniki tena kwa miaka mingi. Kwa hiyo wanunuzi walisogea: Angola, Msumbiji, Madagaska, kisha pwani ya Waswahili na Benadiri.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 marere yalikuwa bidhaa ya kawaida ya pwani kuanzia Lamu hadi Mogadishu, yakisimama katika orodha moja na ngozi, ufuta, pembe, sandarusi na magamba ya ng'amba. Ilikuwa kazi ya mikono na haikuhitaji mtaji. Marere yalikwanguliwa mtini, yakaanikwa juani hadi yakauke, yakashindiliwa katika mafungu na kupelekwa bandarini. Uzito wake ni mdogo na hayaozi, basi mtu wa kijiji cha mbali aliweza kuyakusanya kidogo kidogo hadi chombo kitakapopita. Hilo ni tofauti kubwa na samaki, ambaye lazima auzwe siku hiyo au akaushwe kwa chumvi. Kutoka bandari ndogo yalichukuliwa na majahazi hadi Zanzibar, ambako nyumba za biashara za Ulaya zilikuwa na ofisi na mabohari. O'Swald na Hansing za Hamburg ndizo zilizojulikana zaidi upande wa Wajerumani. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na meli za British India kuanza safari za kawaida za Zanzibar mwaka 1872, njia ya kwenda Ulaya ilifupika. Sokoni London marere yaligawanywa kwa jina la mahali yalikopakiwa mara ya mwisho, hivyo mzigo wa pwani nzima ukaitwa wa Zanzibar. Jina la Kismayo lilipotea kabla mzigo haujafika, na majina ya visiwa hayakupata hata kuandikwa.

Wakati huohuo mamlaka juu ya Kismayo yalibadilika mikono mara kadhaa. Masultani wa Zanzibar waliuhesabu mji kuwa wao na kuweka liwali na askari. Oktoba 1875 Wamisri, wakiongozwa na McKillop Pasha, waliuteka na kuuita bandari ya Ismaili, wakaondoka baada ya miezi michache kwa shinikizo la Waingereza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipoichora mipaka ya mali ya Sultani, Kismayo ilihesabiwa kuwa yake. Baadaye ikaangukia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza yenyewe. Mwaka 1925 Jubaland, eneo lenye mji wa Kismayo, pamoja na visiwa vya Bajuni, ilikabidhiwa Italia. Wakati huo biashara ya marere ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu, na sababu ya kuanguka kwake haikuwa siasa wala vita. Ilitoka katika vyombo vya vioo vya wanakemia.

Ili kuelewa kilichotokea lazima kwanza kujua marere yanavyotoa rangi. Ndani yake mna asidi zisizo na rangi, hasa asidi ya lekanoriki na eritrini, ambazo kiumbe hiki huzitengeneza kwa manufaa yake mwenyewe. Watengenezaji wa zamani waliyasaga marere, wakayaloweka katika mkojo uliochacha, wakatia chokaa na kuyakoroga mara kwa mara hewani. Mkojo uliochacha hutoa amonia. Amonia na chokaa huzivunja zile asidi, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na kinachobaki ni orsinoli, chembe nyeupe zenye ladha tamu. Mfaransa Pierre Robiquet aliitenga mwaka 1829. Orsinoli yenyewe haina rangi, lakini ikikaa na amonia penye hewa huvuta oksijeni, molekuli zake huungana mbilimbili au tatutatu, na baada ya siku au wiki kadhaa pipa lote hugeuka zambarau. Rangi hiyo ni orseini. Ukiongeza potasi na kubadilisha muda wa kuchachusha unapata ndugu yake, litmasi, ambayo Waholanzi walikuwa mafundi wake. Ndiyo hiyo inayopakwa kwenye vikaratasi ambavyo mwanafunzi wa sekondari Mombasa au Dar es Salaam huvichovya katika maji ya ndimu vikageuka vyekundu, na katika maji ya chokaa vikageuka vya buluu.

Rangi ya marere ilikuwa nzuri sana machoni, ila ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilififia juani. Katika miaka ya 1850 kampuni ya Guinon, Marnas na Bonnet ya Lyon ilipata njia ya kuitoa ikiwa safi na yenye kudumu zaidi, ikaiuza kwa jina la zambarau ya Kifaransa, na kwa muda mfupi marere yakapanda bei. Lakini mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, akijaribu kusanisi kwinini, dawa ya malaria, alipata kwa bahati unga mweusi ulioyeyuka ukawa zambarau. Rangi hiyo baadaye iliitwa movu. Ilitoka katika anilini, ambayo hutokana na lami ya makaa ya mawe, mabaki ambayo viwanda vya gesi vilikuwa havijui viyatupe wapi. Kuanzia hapo ushindani haukuwa sawa. Marere yalihitaji miaka kuota, jua la kuanikia, upepo wa kaskazi wa kuyasafirishia na miezi ya baharini; lami ilikuwa imelala nyuma ya kiwanda.

Hata hivyo marere hayakufa mara moja. Mafundi waliendelea kuyachanganya na rangi za anilini kwa sababu rangi yake ilitandaa vizuri kwenye sufu na hariri. Pigo zito lilikuja katika miaka ya 1870, rangi za kiwandani za azo zilipoenea. Mojawapo, nyekundu, ilitengenezwa kuchukua nafasi ya marere moja kwa moja na ikapewa jina la rokselini, kutokana na jenasi ya Roccella yenyewe. Alizarini, rangi nyekundu ambayo zamani ilitolewa katika mizizi, ilisanisiwa na Graebe na Liebermann mwaka 1868. Nili ya kiwandani ikaingia sokoni mwaka 1897. Katika miaka hiyohiyo pwani ya Afrika Mashariki ilianza kuvaa kanga na leso zilizopigwa chapa Ulaya na India, zenye rangi hizo mpya. Pwani iliyokuwa ikiuza malighafi ya rangi ikawa mnunuzi wa rangi iliyokwisha kutiwa kwenye nguo.

Historia nyingi za bidhaa huishia hapo, bei ikianguka na wakusanyaji wakirudi kwenye nyavu zao. Ya marere haiishii hapo, kwa sababu wanakemia waliendelea kujiuliza orseini ni nini hasa. Swali hilo lilichukua zaidi ya karne. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Hans Musso aliitenga orseini katika sehemu zake na kuonyesha kwamba si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa vitu vingi vya ukoo mmoja, vyote vikiwa vimejengwa juu ya kiunzi cha fenoksazini. Kiunzi hicho ni pete tatu zilizoshikana bega kwa bega. Pete ya katikati ina atomu ya oksijeni upande mmoja na ya naitrojeni upande wa pili, nazo zinazifunga pete mbili za kando zisiweze kujigeuza. Katika litmasi kiini cha rangi ni fenoksazoni yenye kundi la hidroksili. Kiini hichohicho, kikiwa peke yake bila matawi ya ziada, kina jina jingine katika maabara: resorufini. Na resorufini hung'aa.

Mng'ao huo, ambao wanasayansi huuita fluoresensi, ni tofauti na rangi ya kawaida. Rangi ya kawaida humeza sehemu ya mwanga na kuugeuza kuwa joto, nasi tunaona sehemu iliyobaki. Rangi ing'aayo humeza mwanga wa mawimbi mafupi, elektroni zake hupanda ngazi ya juu ya nishati, hupoteza kidogo, kisha katika muda wa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde hushuka na kutoa mwanga mwingine wa mawimbi marefu zaidi. Buluu huingia, kijani hutoka. Kijani huingia, nyekundu hutoka. George Gabriel Stokes wa Cambridge aliyaeleza hayo mwaka 1852 kwa kutumia maji ya kwinini, dawa ileile ambayo Perkin angeitafuta miaka minne baadaye. Kwamba mwanga unaotoka una rangi tofauti na unaoingia ndiyo siri ya manufaa yake yote. Ukiweka kichujio kinachozuia mwanga ulioingia, kila kitu kinakuwa giza isipokuwa kile kilichotiwa rangi.

Ili molekuli ing'ae haitoshi kumeza mwanga. Lazima pia isiwe na njia rahisi ya kuutapanya kwa kutikisika. Hapa ndipo umbo gumu la pete zilizofungwa linapokuwa na thamani. Mwaka 1871 huko Berlin, Adolf von Baeyer alitoa mfano ambao hadi leo hufundishwa. Alipasha moto anhidridi ya thaliki pamoja na fenoli akapata fenoftalini, ambayo katika alkali huwa ya waridi lakini haing'ai. Kisha akaipasha anhidridi hiyohiyo na resosinoli, akapata kitu cha rangi ya chungwa ambacho kikiyeyushwa katika alkali hung'aa kijani kikali. Alikiita resosinoli-thaleini; leo ni fluoresini. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni daraja moja la oksijeni linalozifunga pete mbili. Fenoftalini haina daraja hilo, pete zake hucheza, nishati hupotea. Fluoresini inalo.

Mwaka huohuo wa 1871 Weselsky, mwanakemia wa Vienna, aliichukua resosinoli hiyohiyo na kuitendea kwa asidi ya nitrasi. Akapata vitu viwili ambavyo sasa huitwa resazurini na resorufini. Resosinoli na orsinoli ni ndugu wa karibu: orsinoli ni resosinoli iliyoongezewa tawi moja la kaboni. Alichokifanya Weselsky katika chombo cha kioo kwa muda mfupi ni jamaa ya kile ambacho mapipa ya marere yalikifanya kwa wiki nyingi, naitrojeni ikitoka kwenye asidi badala ya mkojo. Matokeo yalikuwa kiunzi kilekile cha fenoksazini. Jambo hili linastahili kusisitizwa, maana rangi za asili na za kiwandani mara nyingi huelezwa kama maadui wawili. Katika ukoo huu ni tawi moja la kemia lililofikiwa kwa njia mbili.

Ukoo wa fluoresini ulikua haraka. Heinrich Caro wa kampuni ya BASF alitia bromini ndani yake akapata eosini mwaka 1874, nyekundu ya waridi ambayo hutiwa kwenye vipande vya nyama ya mwili karibu katika kila maabara ya patholojia duniani. Rodamini, ing'aayo chungwa na nyekundu, ilifuata mwaka 1887. Fluoresini yenyewe haikufaa kwa nguo kwa kuwa hufifia upesi, lakini uwezo wake wa kuonekana hata ikiwa sehemu moja katika mamilioni ya maji uliipatia kazi nyingine. Mwaka 1877 kilo 10 zake zilimwagwa katika mto Danube mahali ambapo maji hupotea ardhini kusini mwa Ujerumani. Baada ya saa zipatazo 60 chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12 hivi, iligeuka kijani, ikathibitika kwamba maji ya mto huo hupita chini kwa chini na kuingia katika Rhine. Hadi sasa wataalamu wa maji hutumia njia hiyo kufuatilia mikondo katika miamba ya chokaa na matumbawe, ambako kisima na choo vinaweza kuwa na mawasiliano yasiyoonekana kwa macho.

Matumizi katika mwili yalianza na Paul Ehrlich, ambaye mwaka 1882 alimdunga sungura fluoresini na kuona rangi ikijitokeza katika maji ya mbele ya jicho. Jicho limebaki kuwa makao makuu ya rangi hiyo. Daktari wa macho hugusisha kikaratasi chenye fluoresini kwenye ukope, humulika kwa taa ya buluu, na pale konea ilipokwaruzwa na mchanga, mwiba au ndoano hung'aa kijani. Novotny na Alvis, walipokuwa bado wanafunzi wa udaktari huko Indiana, Marekani, waliidunga katika mshipa wa mkono na kuipiga picha ikipita kwenye mishipa midogo ya retina. Ripoti yao ilitoka mwaka 1961. Kwa njia hiyo madhara ya kisukari kwenye jicho yaliweza kuonekana mapema.

Hatua iliyobadilisha biolojia yenyewe ilikuwa ya Albert Coons wa Harvard. Alitaka kujua vijidudu na protini fulani viko wapi hasa ndani ya tishu, na akapata wazo la kuifunga rangi ing'aayo kwenye kingamwili, ili kingamwili iitafute shabaha yake na rangi ionyeshe mahali ilipofika. Jaribio lake la kwanza, la mwaka 1941, lilitumia rangi ing'aayo buluu. Lakini tishu zenyewe hung'aa buluu hafifu, hivyo ishara ilizama. Mwaka uliofuata alihamia fluoresini, ambayo kijani chake kilijitenga vizuri. Kiungo alichokitumia kilikuwa kigumu kutengeneza na chenye sumu, na njia hiyo ilienea hasa baada ya mwaka 1958, Riggs na wenzake walipotoa isothiosaianeti ya fluoresini, ambayo ni imara na inaweza kuwekwa kwenye chupa. Vipimo vingi vya virusi, vya kichaa cha mbwa vikiwemo, vilijengwa juu ya msingi huo.

Wakati hayo yakiendelea, rangi ya marere ilikuwa na kazi yake pembeni, bila mng'ao. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa ngozi wa Ujerumani waligundua kwamba orseini hushika nyuzi za elastini zilizo katika ngozi na mishipa. Mwaka 1941 Leonard La Cour wa Uingereza aliiyeyusha katika asidi ya asetiki akapata rangi inayotia kromosomu zambarau nzito huku sehemu nyingine za seli zikibaki nyeupe. Rangi hiyo ndiyo waliyoitumia Joe Hin Tjio na Albert Levan huko Lund, Sweden, walipozihesabu kromosomu za binadamu. Kwa miongo zaidi ya mitatu vitabu vilikuwa vimesema ni 48. Wao walipata 46, wakatangaza mwaka 1956, na hesabu hiyo ndiyo sahihi. Mwaka 1974 Shikata wa Japani alionyesha kwamba orseini pia huitia rangi ya kahawia protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B ndani ya seli za ini. Kwa Somalia na Afrika Mashariki kwa jumla, ambako homa ya ini B imeenea sana, hilo si jambo la pembeni: kipande cha ini kinaweza kusomwa bila kingamwili za bei kubwa wala hadubini maalumu.

Resazurini nayo ilipata kazi katika maziwa. Ni ya buluu na hung'aa kidogo sana. Seli hai au bakteria wakiipokonya oksijeni moja, hugeuka resorufini, waridi yenye mng'ao mkali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitumika kupima usafi wa maziwa: bakteria wakiwa wengi, buluu hupotea ndani ya dakika chache. Vituo vya kukusanyia maziwa Afrika Mashariki huujua mtihani huo wa dakika kumi. Katika maabara za dawa mabadiliko hayohayo hutumika kupima kama seli ingali hai. Vijidudu vya ugonjwa wa malale au bakteria wa kifua kikuu huwekwa pamoja na dawa inayojaribiwa. Ikiwa rangi inabaki buluu, dawa imewaua. Jamaa wengine wa ukoo wa fenoksazini hung'aa ndani ya matone ya mafuta ya seli na kuyaonyesha yalipo.

Kifua kikuu ndicho kilichozileta rangi zing'aazo karibu zaidi na zahanati za kawaida. Oramini, rangi ya manjano iliyotengenezwa na Caro na Kern mwaka 1883, hushikwa na nta iliyo katika ganda la bakteria wa ugonjwa huo, na Hagemann wa Ujerumani alionyesha mwaka 1937 kwamba makohozi yaliyotiwa oramini yakitazamwa kwa mwanga wa buluu au wa urujuanimno, bakteria huonekana kama vijiti vya moto kwenye giza. Msomaji anaweza kutumia ukuzaji mdogo na kuona eneo kubwa, kwa hiyo humaliza upesi. Tatizo lilikuwa taa za zebaki: ghali, za muda mfupi, zenye kuhitaji chumba cha giza na umeme wa uhakika. Taa za LED ziliondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kuzipendekeza badala ya hadubini za kawaida. Mashine ya Xpert ya kupima kifua kikuu, iliyoidhinishwa na shirika hilo Desemba 2010 baada ya majaribio katika nchi kadhaa, Uganda ikiwa mojawapo, inategemea vipande vifupi vya DNA vilivyofungwa rangi tano tofauti zing'aazo; rangi inayokosa kung'aa huonyesha kwamba bakteria wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini.

Marere yenyewe bado yanaota pwani, na hakuna tena anayeyapakia jahazini. Ulaya imepiga marufuku rangi yake katika chakula tangu mwaka 1977, na litmasi imebaki hasa kuwa ya shuleni. Orseini ingali inauzwa kwa gramu na kampuni za kemikali, nyingine ya asili na nyingine ya usanisi, na hizo mbili hazifanani kabisa katika kazi, kwa kuwa ule mchanganyiko alioutenga Musso hubadilika kulingana na jinsi rangi ilivyochachushwa. Hata chupa mbili za asili zinaweza kutofautiana. Kwa hiyo maabara inayotafuta homa ya ini B kwa njia ya Shikata huijaribu kwanza kila chupa mpya kwenye kipande cha ini ambacho tayari inajulikana kina virusi, ndipo itumike kwa mgonjwa.